Koti la Damper

Roslyn alikataa kuwauzia mbwa mpaka kifua cha mtoto kiseme chenyewe.

Mama huyo alikuwa mfugaji wa mbwa machotara: mama wa aina ya labrado, baba wa aina ya pudo mwenye nywele za kujisokota. Aliwaketisha wageni wake barazani, Glenys na mumewe Mervyn, akawamiminia chai, kisha akamweka mjukuu wao Tamsin, mtoto wa miaka saba mwenye pumu, sakafuni katikati ya vitoto vya mbwa. Akasema yeye hamwahidi mtu. Watu hudai mbwa wenye damu ya pudo hawamdhuru mwenye pumu, lakini pumu haisikilizi madai ya watu. Kinachomsumbua mgonjwa kimo kwenye mate na ngozi pia, si nywele peke yake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kama pilipili na sukari.

Glenys hakuigusa chai yake. Tangu binti yake Kerrin arudi nyumbani na mtoto huyu, alikuwa ameshazoea kusikiliza pumzi jinsi watu wa nyanda zile za kondoo wanavyosikiliza mvua kwenye bati. Mbwa wa kuchunga wa Mervyn walifungwa mbali, nyuma ya banda, na Tamsin aliwatazama kupitia kioo cha dirisha tu, kama samaki.

Kitoto cha kwanza kilikuwa jike jeupe. Tamsin alikipakata, na mara macho yakavimba, chafya zikafuatana. Roslyn akakiondoa, akamnawisha mtoto mikono na uso. Walipokwisha kupumzika, akaleta dume wa rangi ya mkate uliookwa majivuni. Yule akapanda mpaka shingoni kwa Tamsin, akazunguka, akajikunja, akalala. Jua likahama kutoka kwenye ngazi hadi ukutani. Kifua cha Tamsin kikabaki kitulivu; pumzi inaingia, pumzi inatoka, huoni inapopita. Glenys alihisi nywele za mikono zikimsimama. Mama mmoja, baba mmoja, wamezaliwa siku moja, huyu anakuziba na huyu anakuachia. Nani aliyewagawa?

"Huyu," Tamsin alinong'ona asimwamshe. "Bibi, huyu nampumua."

Wakamwita Damper, kwa jina la ule mkate wa majivuni.

Roslyn hakuwaachia hivi hivi. Alimpa Mervyn chanuo la chuma lenye meno marefu, akawaambia nywele za mbwa huyu hazidondoki sakafuni, na wasishangilie, kwa sababu kinachokufa hubaki ndani. Achanwe kila siku, tena mpaka kwenye ngozi, si juu juu. Atakapokaribia mwaka, nywele za utoto zitapokewa na za ukubwa, na hapo ndipo wengi hushindwa. Na wakishindwa, wasimgawe kwa mtu. Wamrudishe kwake, mlango uko wazi.

Njiani Mervyn alicheka mpaka pikapu ikayumba. Maisha yake yote alikuwa mnyoaji wa kondoo. Mgongo wake ulipindia kazini, na hakuna banda katika wilaya ile ambalo hakulitolea jasho.

"Leo nimefundishwa manyoya," alisema. "Mke wangu, sufu ni sufu. Unaiacha ikue, msimu ukifika unanyoa. Kondoo gani umemwona anachanwa kila asubuhi kama bibi harusi?"

"Huyu si kondoo, mzee."

"Ana manyoya, hana manyoya?"

Glenys akageukia dirisha, maana kwa habari ya manyoya hakuwahi kumshinda.

Mwaka ule nyumba iligeuka. Damper alijifunza kufungua komeo la jikoni kwa pua, akajua siku za shule na siku za mapumziko. Hakuwa mto wa kulalia, kama walivyodhani. Akikosa kazi alijitafutia, na ndivyo nyanya za Glenys zilivyong'olewa zote na kupangwa mlangoni. Ikabidi Tamsin ampe kazi: kuleta viatu, kutafuta mpira uliofichwa. Glenys, mpenda vitendawili, aliwategea wote wawili wakati wa chai, na mbwa aliinamisha kichwa upande kama anayekaribia jibu. Na mtoto aliyekuwa akitazama mbwa kupitia kioo sasa alikimbia malishoni na mbwa wake, akirudi na mashavu mekundu na kifua kikavu. Kerrin alisimama jikoni akawatazama, mkate unaungua.

Koti lake la nywele nalo likakua. Lilikuwa zuri ajabu, mawimbi ya dhahabu. Mjini watu walisimama kuligusa. Glenys alilipitishia brashi jioni juu kwa juu, na likang'aa. Chanuo la chuma lilikaa kwenye droo pamoja na kamba na misumari.

Kiangazi kilipoingia, Damper alianza kulala ndani ya birika la kunyweshea kondoo, kichwa nje. Aliacha kukimbia. Akiguswa bega, ngozi ilimruka. Mervyn akasema ni joto. Glenys akasema labda ni utu uzima. Kisha siku moja mchana Tamsin alirudi kutoka shule, akamrukia shingoni kumkumbatia, na Damper akageuka akamshika mkono kwa meno.

Hakutoa damu. Alama mbili nyekundu, zikafifia kabla ya chakula cha jioni. Lakini Kerrin alikuwa mlangoni, aliona. Katika nyanda zile mbwa aliyemgeukia mtu hapewi nafasi ya pili, na wote pale mezani walijua bunduki ya Mervyn imetundikwa wapi.

"Sitaki apigwe risasi," Kerrin alisema. "Lakini halali hapa tena. Nimempigia Roslyn, anakuja Jumamosi mchana kumchukua."

Tamsin hakulia. Aliuliza kama watamtafutia mbwa mwingine wa kumpumua. Glenys alikumbuka kile kitoto cheupe, akatazama sahani yake.

Jumamosi asubuhi Mervyn alisema mnyama harudishwi kwa mwenyewe akiwa amechakaa, heri amnyoe kwanza. Akampeleka bandani, Glenys akamshika kichwa, na Kerrin akasimama kando amkinge mama yake kama lolote likitokea. Mervyn akawasha mashine ya kunyolea, akatanguliza vidole vya mkono wa kushoto kwenye koti, kama afanyavyo siku zote, vitafute ngozi.

Vidole havikuingia.

Akajaribu ubavuni. Akajaribu kwapani. Akazima mashine, na banda likawa kimya hata inzi wakasikika. Sufu ya kondoo ina mafuta yake. Hupanda kutoka kwenye ngozi na kufunguka mbele ya wembe kama kitabu. Hii haikuwa na mafuta. Nywele za utoto zilikuwa zimefia ndani na kushikamana na za ukubwa, zikawa gamba moja chini ya yale mawimbi ya dhahabu, na gamba lile lilivuta ngozi kila mbwa alipopiga hatua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Glenys akasema taratibu. Mkono wake ndio uliolipiga brashi gamba lile, jioni baada ya jioni.

Mervyn aliiweka kando mashine kubwa, akachukua ile ndogo ya kunyolea miguu ya kondoo, akapiga magoti. Mtu aliyekuwa akimaliza kondoo kabla sigara haijaisha alifanya kazi nusu ya asubuhi, upana wa ukucha mmoja kila mara, jasho likimdondoka puani, akisema na mbwa kwa sauti ambayo Glenys alikuwa hajaisikia tangu Kerrin alipokuwa mchanga. Damper alitetemeka, lakini hakuonyesha jino. Hata wembe ulipopita palipochubuka, alifumba macho tu, akaegemeza paji kwenye kifua cha Glenys.

Koti likatoka zima. Mervyn akaliweka sakafuni, nalo likasimama lenyewe, na mgongo, na mbavu, kama mbwa wa pili asiye na kitu ndani. Wote watatu walilitazama. Kando yake alisimama mwenye koti: mwembamba, ngozi ya waridi, madoa ya damu iliyovilia mabegani, mbegu za nyasi zimejichoma kwapani. Ungedhani amezaliwa sasa hivi na hajaambiwa kama anaruhusiwa kusogea.

Kerrin aliinama. Alinyoosha kidole bila kugusa, akaelekeza shingoni, pale palipokuwa pabaya kuliko kote, pabichi kabisa.

"Tamsin alimshika wapi, siku ile?"

"Hapo," Glenys akasema. "Hapo hapo."

"Alining'inia hapo. Uzito wake wote." Kerrin alimtazama mbwa mdomoni, mdomo uliokuwa ukivunja mifupa ya kondoo kila Jumapili. "Naye akamshika tu. Akamshika, akamwachia."

Damper alijikung'uta, akajaribu mguu mmoja, kisha wa pili, na ghafla akatoka mlangoni kama aliyefunguliwa pingu, akazunguka malisho yote, mara moja, mara mbili, masikio nyuma, vumbi likimfuata. Kutoka dirishani Tamsin alipiga ukelele, akatoka mbio. Glenys alimwona Kerrin anafungua mdomo kumwita, kisha anaufunga. Mbwa alijiangusha miguuni pa mtoto, tumbo juu. Safari hii Tamsin hakumrukia. Alipiga magoti, akaweka kiganja kifuani mwake, polepole, akasubiri.

Roslyn alifika na tundu la kubebea mbwa nyuma ya gari. Kerrin ndiye aliyemwendea getini. Akamwambia makosa yalikuwa yao, mbwa hachukuliwi tena, lakini kama ana nafasi tafadhali aingie, wanataka kufundishwa upya tangu mwanzo. Roslyn akaliona lile koti bandani, akakaza midomo. Hakumgombeza mtu. Alisema tu nywele mpya zinaanza kesho, na mbegu zile zitolewe leo na daktari wa mifugo.

Akamshusha mbwa wake mzee aliyekuja naye garini, na Tamsin akaambiwa akae mbali, upande wa upepo, kwa sababu huyu hakuna aliyewahi kumjaribu na pumu yake. Mervyn akavua kofia. Akashika chanuo kwa vidole vilivyopinda, akafuata sauti ya Roslyn: gawanya, inua, anza chini, nenda mstari kwa mstari, usipande mpaka uione.

"Nione nini?"

"Utajua, mzee wangu."

Akagawanya tena. Glenys, Kerrin na Tamsin kule mbali wakanyoosha shingo. Kati ya mawimbi mawili ya nywele ukatokea mstari wa ngozi, mweupe, safi, mwembamba kama uzi, ukipanda na kushuka na pumzi ya mbwa.