Siku Niliyohamisha Umeme wa Shangazi

Nilijiteua mwenyewe. Hakuna mtu aliyeniomba nishughulikie umeme wa shangazi, na mpaka leo sijampata anayesema alinihitaji. Lakini nilikuwa nimemaliza shule, matokeo yametoka ya kuficha mfukoni, wenzangu wamekwenda Beirut kusoma au Brazil kwa wajomba zao, na mimi nimebaki nyumbani naangalia video kwenye simu mpaka macho yanawasha. Mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko waya uliochubuka.

Shangazi Samiha, mtaa mzima unamwita Umm Ghassan, ana kiwanda. Sisi tunaita kiwanda. Ni chumba cha chini ya nyumba yake, kina masufuria, vitambaa vya kuchujia na tangi moja kubwa la kupoozea maziwa. Wafugaji wanaleta asubuhi na jioni, tangi linapooza, kesho yake yanakuwa jibini na labne, yaani mtindi mzito uliochujwa. Labne yake ukiipaka kwenye mkate ukamwagia mafuta ya zeituni, unaweza kumsamehe hata jirani.

Sasa tangi lile linakula umeme, tena linakula bila aibu. Umeme wa serikali kwetu huku Bekaa unakuja kama mgeni mwenye haraka: anasalimia mlangoni, anaondoka. Tunaishi kwa jenereta ya mtaa, na jenereta ya mtaa ni ya Abu Fawwaz. Waya wake uliingia kwa shangazi tangu enzi za marehemu mumewe. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, mkataba ni neno. Na neno lenyewe limepanda bei: kuna mita inayosoma ulichotumia, halafu juu yake unalipa ada ya kila mwezi kwa ukubwa wa breka yako, ile swichi kuu ya kukatia umeme, uwe umewasha, uwe umelala.

Siku moja nipo pale kiwandani nimekaa juu ya ndoo, shangazi akaniambia huku anakamua kitambaa, "Jumamosi anakuja yule mtu wa kiwanda kikubwa kuliangalia tangi."

"Kuliangalia kwani limeugua?"

"Kulinunua, mjinga wewe. Mimi nafanya kazi kumlisha Abu Fawwaz. Nitauza tangi, maziwa mabichi niwauzie wao, nikae barazani kama wanawake wenzangu."

"Na labne je?"

"Utanunua dukani, ya kwenye kopo."

Alisema hivyo akicheka, lakini aligeukia ukutani, na shangazi si mtu wa kugeukia ukuta. Pale pale nikasema moyoni: Nadim, wakati wako umefika. Ningejua.

Kulikuwa na video ya bwana mmoja wa Ulaya, kipara, amevaa suti, anafundisha wafanyabiashara namna ya kubadilisha kampuni ya umeme. Linganisha bei, anasema. Usimwogope unayemlipa. Ongea kama mwenye mamlaka. Mwambie unasitisha mkataba, utaona atakavyokubembeleza. Nilimwangalia mpaka nikaanza kutembea kama yeye. Nywele tu ndizo nilizomzidi.

Kulinganisha hakukuwa na kazi. Ng'ambo ya barabara kuna jenereta ya Naji, kijana wa makamo mwenye sharubu nyingi, ambaye pia amejaza paneli za jua juu ya paa lake. Nikavuka nikamuuliza anatozaje.

"Kwa mita tu, ada sina," akasema. "Mchana jua linanifanyia kazi bure, nitakuwa na uso gani wa kukutoza ada?"

"Basi vuta waya, ndugu yangu!"

"Tulia, bwana mdogo. Barabara hii unaiona? Huku kwangu, kule kwa Abu Fawwaz. Tulikubaliana mbele ya wazee baada ya watu kukatiana nyaya na kupasuana vichwa. Mteja wake havuki mpaka yeye mwenyewe atamke kwa mdomo wake, nimemwachia. Akitamka, nakuja leo leo."

Nikamwambia ahesabu kwamba ameshatamka. Shangazi sikumwambia kitu, nilitaka nimfanyie mshangao. Kwa kweli alishangaa.

Abu Fawwaz anakaa kwenye kibanda kando ya jenereta yake, kelele mtindo mmoja, kila mtu anaongea kama yuko kwenye ugomvi. Alikuwepo yeye na fundi wake Milhim, jamaa mwembamba anayepanda nguzo kama paka.

"Karibu, karibu, mtoto wa Khalil! Matokeo vipi?"

"Yametoka, mzee wangu."

"Yametoka yakaenda wapi?"

Milhim akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikakaa. Yule kipara alisema ukifika kwa unayebishana naye onyesha huna wasiwasi, kula chake, kunywa chake. Kahawa ikaletwa, ina iliki, inanukia. Nimetembea juani, koo limekauka. Nikainywa. Wakaniongezea, nikainywa na ya pili, nikajifuta mdomo, ndipo nikasema, "Abu Fawwaz, nimekuja na ombi. Tunaomba utuachie, tuvuke kwa Naji."

Abu Fawwaz akakitazama kikombe changu. Milhim naye akakitazama. Hata mimi nikakitazama, na hapo ndipo nilipoona kosa langu.

Kwetu mtu mwenye haja haionji kahawa. Unaiacha mbele yako ipoe, mwenyeji anaona, anajua umekuja na jambo, naye akikubali anasema, "Kunywa, haja yako imepita." Ukiinywa kabla, maana yake huna haja, umekuja kusalimia. Watu wamechumbia hivyo, watu wamesuluhisha damu hivyo. Mtoto anayenyonya analijua jambo hili. Mimi, mwenye cheti cha sekondari, nilikunywa viwili.

"Karibu tena siku nyingine," akasema Abu Fawwaz kwa upole. "Msalimie shangazi."

Ningeondoka pale, mambo yangeishia kwenye kuchekwa, na kuchekwa nimekuzoea. Lakini Milhim akaniuliza kama nataka na cha tatu. Nikasimama. Nikatoa kifua kama yule kipara.

"Basi kuanzia leo tunasitisha mkataba!"

"Nani anasitisha?"

"Sisi. Kiwanda."

"Umm Ghassan anajua?"

"Msimamizi wa umeme ni mimi."

Nilingoja anibembeleze. Abu Fawwaz akageuka. "Milhim, chukua ngazi. Mwenye kusitisha asitishiwe."

Nikavuka barabara kwa Naji nikiwa na nusu ya furaha, maana nilijiambia, si tayari, tumeachiwa?

"Amesema ameniachia?" Naji akauliza.

"Amekata!"

"Kukata si kuachia, Nadim. Kukata ni hasira. Mimi waya wangu ukivuka leo, kesho utaukuta mtoni."

Kwa hiyo nikasimama katikati ya barabara. Kulia kwangu jenereta inanguruma, kushoto kwangu jenereta inanguruma, na mbele yangu kuna kiwanda cha shangazi kimekaa kimya, maziwa ya asubuhi yako ndani ya tangi, na ya jioni yako njiani. Nadhani katika Bekaa nzima hajatokea mtu mwingine aliyefanikiwa kuwa na jenereta mbili na asiwe na umeme.

Shangazi nilimkuta amelalia tangi, sikio limegusa bati, anasikiliza.

"Limenyamaza," akasema. "Umeme wa Abu Fawwaz umeharibika?"

"Haujaharibika, shangazi. Umesitishwa."

Nikamweleza. Nilianza na kulinganisha bei, nikitumaini tutaishia hapo, lakini aliniburura kwa maswali mpaka kwenye kahawa.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Yote?"

"Viwili."

Akafunga macho. "Ewe Mola, kaka yangu Khalil nilimwambia asikuoe... nini hiki nasema, asikuzae! Unaona umenichanganya? Mtu nimebakiza siku chache niuze tangi kwa heshima yangu, wewe unataka niuze na maziwa yaliyoganda ndani yake? Nani atalinunua? Harufu yake ataisikia akiwa kwao!"

Nikataka kusema samahani. Akasema samahani haipoozi maziwa. Akajifunga kilemba chake cheusi, kile cha misibani, akanishika mkono wa shati. "Twende. Na ukifungua mdomo, hata kupiga mwayo, nakuacha huko uwe mtoto wao."

Abu Fawwaz alipomwona akasimama. Kahawa ikaja. Shangazi akakishika kikombe, akashukuru, akakiweka chini mbele yake. Akauliza habari za mkewe, habari za goti lake, habari za mvua. Kahawa inapoa. Cha kwangu sikukigusa hata kwa macho.

Abu Fawwaz akapumua. "Umm Ghassan, sema."

"Nina maziwa ya watu ndani ya tangi, Abu Fawwaz. Nikiyapoteza, sina uso wa kuwafungulia mlango wafugaji. Huyu kijana amekukosea, nitamshughulikia kwa mkono wangu. Lakini alichokisema, alikisema vibaya tu, si uongo. Ada yako imenishinda. Ama uishushe, ama uniachie nivuke. Nisipopata moja kati ya hayo, tangi linaondoka, na ukumbuke marehemu alilinunua kwa kuuza shamba lake."

Halafu Abu Fawwaz akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaona haya. Mzee mzima, akashika ndevu.

"Dada yangu, kuishusha siwezi, dizeli inaninyonga. Lakini kukuachia... wallahi mimi tangu mwaka juzi nangoja uniombe! Kompresa ya tangi lako ikiwaka jenereta yangu inakohoa, taa za mtaa mzima zinazimika nusu, watu wananitukana mpaka marehemu mama yangu. Ningefanyaje, nimtoe mjane wa rafiki yangu? Nife na aibu? Nilikuwa naomba Mungu mje wenyewe. Akaja huyu, kahawa akainywa kama chai ya msibani, nikajua hamtaki kitu."

"Kwa hiyo ungemwachia?" nikabwata.

"Nadim," shangazi akasema.

Abu Fawwaz akamgeukia shangazi.

"Nimekuachia, Umm Ghassan. Kwa mdomo wangu, Milhim ni shahidi. Kunywa kahawa."

Akainywa, baridi hivyo hivyo, kwa heshima yote.

Naji alikuja na waya kabla jua halijashuka nyuma ya mlima, Milhim mwenyewe akamshikia ngazi. Tulisimama wote kiwandani. Shangazi akasoma Bismillahi, akawasha. Tangi likatikisika, likashika, likaanza kunguruma, na mimi nikainua mikono juu kama nimefunga bao. Hapo hapo ng'ambo ya barabara taa zikafifia zote pamoja, na kutoka vibarazani zikaanza sauti: "Naaaji! Naji wee, umefanya nini?"

Naji akageuka rangi. Akamtazama Milhim. Milhim alikuwa anachunguza kucha zake.

"Ndiyo maana ametamka haraka," Naji akasema.

"Neno lako je?" shangazi akamuuliza.

"Neno langu ni neno langu, Umm Ghassan. Lakini nisikilize. Mchana, paneli zikiwa na jua, wewe washa utakavyo, sitasikia. Usiku tangi likishika baridi linajihifadhi lenyewe, nitakuvumilia. Ila jioni, watu wote wako nyumbani, kila mtu amewasha heta na televisheni, usinifanyie hivi kila siku. Watanichoma."

Kwa hiyo huo ndio mkataba wetu mpya. Ada hakuna. Maziwa ya asubuhi yanaingia kwenye tangi, yanapozwa na jua, na sijui mwingine anayepoozea maziwa kwa jua. Ya jioni hayapozwi kabisa. Yanaingia moto moto kwenye sufuria kubwa, juu ya kuni, yanakuwa jibini usiku ule ule. Shangazi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa mkono wa pili, akasema, "Inatosha. Inabaki na kitu. Kasoro mtu wa kukoroga."

Wote wakanitazama.

Kukoroga jibini ni kazi ambayo huwezi kuangalia simu. Nimejaribu, simu iliingia ndani. Moshi unaingia machoni, mwiko una urefu wa kasia, na ukisimama kidogo tu chini yanashika, na shangazi anasikia harufu akiwa ghorofani. Wapita njia wanachungulia dirishani: "Msimamizi wa umeme hajambo?" Najibu sijambo. Nifanyeje?

Jumamosi yule mtu wa kiwanda kikubwa akaja na gari lake safi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Akaweka kiganja kwenye tangi, lilikuwa baridi kama shavu la mtu aliyetoka kwenye theluji. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Zuri. Mnaniachia kwa ngapi?"

"Haliuzwi," shangazi akasema.

"Lakini mama, ulisema umeme umekushinda."

"Ulikuwa umenishinda. Sasa tumehama." Akanionyesha kwa kidevu, mimi niko pale nimejaa masizi mpaka masikioni. "Huyu ndiye aliyetuhamisha."

Mtu yule akanigeukia kwa heshima, wallahi, kwa heshima. Akasema kiwandani kwao nao wanateseka na bili, wanafikiria kubadilisha, je, ningeweza kumweleza kwa ufupi nilivyofanya?

Nikaweka mwiko chini. Nikatoa kifua. "La kwanza," nikasema, "linganisha bei."

"Nadim," shangazi akasema, "yanashika."