Spoki ya Mjomba

Mjomba ni fundi baiskeli. Alianguka akijaribu breki za mteja, kifundo cha mkono wa kulia kikavimba kama goti. Daktari akamtuma apigwe picha ya X-ray siku hiyohiyo, maana mfupa ukiunga vibaya, spana hataishika tena. Mjomba akafika mlangoni, akaona X kubwa nyekundu, akageuka. Alisema mionzi humla mtu kimyakimya, na msalaba mwekundu hauwekwi bure.

Nilikuwa palepale na ndoo yangu. Mwaka wa nne huu napiga deki chumba kile, na mpiga picha huwafundisha wanafunzi wake somo lilelile. Masikio hayafungiwi mlango. Nikamwomba Mjomba akae kwanza kwenye benchi.

"Haya, daktari wa fagio," akasema. "Nitibu."

Nikamuuliza, baiskeli ikiletwa naye hajaujua ugonjwa wake, huifanyaje? Akajibu kwamba huiandikia X ya chaki kwenye tairi mpaka aujue, kwani mimi mgeni kibandani kwake?

"Basi aliyeigundua mionzi hii alifanya hivyohivyo, Mjomba. Aliiona, hakujua ni kitu gani, akaiandikia X. Walipokuja kuijua, alama ikabaki kwenye jina."

Nikaendelea: jina la Kizungu la mionzi, radiesheni, limetoka kwenye neno la Kilatini, radius, yaani spoki, kwa sababu mionzi hutoka katikati ikaenda moja kwa moja kila upande. Redio anayolala nayo sikioni ni ya ukoo huohuo. Sikumficha kwamba ikizidi inadhuru. Ndiyo maana mpiga picha husimama nyuma ya ukuta, yeye mwenye watu arobaini kwa siku. Mjomba ni picha mbili tu, aende zake.

Akaitazama tena ile X.

"Mtu anayekubali kuandika kwamba hajui," akasema, "huyo ni fundi." Akaingia.

Picha ilipotoka, mpiga picha akamwonyesha mfupa uliovunjika, ule wa upande wa kidole gumba. Akautaja: radius.

Mjomba akanigeukia. "Spoki?"

"Spoki."

Akacheka mpaka maumivu yakamkatiza. Daktari alipokuja kusema mfupa umepinda kidogo, utanyooshwa ndipo ufungwe plasta, Mjomba alikwisha kukunja mkono wa shati mwenyewe.

"Nyoosha taratibu, mwanangu," akamwambia. "Na uangalie vizuri kabla hujakaza."