Meno ya Baridi

Dobi wa nyumba ya pili aliumwa kisigino Jumatatu saa moja asubuhi, akiwa amesimama getini kwa fundi kufuli akisubiri ufunguo wake mpya. Alivua soksi palepale akaonyesha alama za meno kumi na mawili, zimejipanga vizuri. Alisema hakuona kitu wala kusikia mngurumo. Halafu akamtazama mbwa.

Mbwa aliitwa Zamu. Alifungwa kwenye kibanda cha mabati mwisho wa uwanja, kwa kamba ya hatua nne. Kutoka kibandani hadi getini ni hatua kumi na moja. Fundi alizihesabu mbele ya dobi, kisha akaipima kamba mara mbili, maana kazi yake ilimfundisha kutomwamini mtu, sembuse kamba.

"Huenda anajua kufungua fundo, kisha anajifunga tena," dobi alisema.

"Mbwa wangu?" fundi alicheka. Jioni alibadilisha kamba, akaweka mnyororo.

Jumatano aliumwa msoma mita, begani. Mnyororo ulikuwa mzima, na ule uzima wake ndio uliomtia fundi wasiwasi zaidi. Alitangaza kwamba akiumwa mtu wa tatu, Zamu atachomwa sindano ya kufa.

Shangazi yake, mshonaji mjane aliyeishi naye katika chumba cha uani, alimpenda yule mbwa kuliko alivyompenda mpwa wake, na hakuona haya kusema hivyo. Alimwita daktari wa mifugo bila kuomba ruhusa.

Daktari alipima kisigino cha dobi kwa rula. "Hakuna alama ya chonge," alisema. "Hii ni baridi. Mwaka huu inauma."

Dobi alikubali kwamba kweli inauma, hata mkewe alikuwa akisema. Daktari akainua masikio ya Zamu. La kushoto lilikuwa na alama sita, la kulia nne, na ncha ya mkia haikuwepo.

"Mbwa hajiumi masikio," alisema. "Mlazeni ndani. Ikishindikana, kibanda kiinuliwe juu ya matofali, mlango uupe upepo kisogo, atandikiwe nyasi kavu, na maji yabadilishwe kabla hayajaganda."

"Akilala ndani atalinda nini, masufuria?" fundi aliuliza. "Na matofali nimeyaweka kwa ajili ya ukuta."

Daktari alifunga mkoba wake akaenda zake.

"Mwanangu," shangazi alisema, "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Haki yake nimempa, Shangazi. Nakiri mbele ya watu kuwa si yeye." Mikono yake ilikuwa tayari inakunja waya. "Lakini baridi nitaifunga wapi? Haina shingo."

Alitengeneza kikapu cha waya cha kumfunga Zamu mdomo, chenye kufuli ndogo kama kifungo cha shati. Tuseme ukweli, ilikuwa kazi safi. Dobi alikigusa, akasema sasa moyo wake umetulia.

"Na yale ya mtu wa tatu?" shangazi aliuliza.

"Ahadi ni deni."

Ijumaa asubuhi shangazi alitoka na birika la maji ya uvuguvugu. Alipoinama kuvunja barafu kwenye bakuli la Zamu, baridi ilimuuma kiganja, taratibu, ikakaza. Hakupiga kelele. Aliangalia dirisha la jikoni, akamwona mpwa wake amesimama na kikombe cha chai, akaurudisha mkono ndani ya shali.

Fundi alitoka hadi kizingitini. "Shangazi, mkono una nini?"

"Nimejichoma sindano ya cherehani."

"Hebu nione."

Alimwonyesha. Fundi alihesabu kwa kidole, bila haraka.

"Sindano yako ina meno kumi na mawili?"

"Ni cherehani ya zamani," shangazi alisema.

Fundi alimtazama mbwa, akakikagua kile kikapu na kufuli yake kwa mbali, kisha akamtazama tena shangazi, kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mteja anayetaka ufunguo wa nyumba isiyo yake. Zamu alisimamisha masikio, yaliyobaki.

"Nitalifikiria," fundi alisema. Akaingia ndani akafunga mlango wa jikoni, shangazi akiwa bado uani, akazungusha ufunguo mara mbili, maana nje kulikuwa na baridi.