Jogoo wa Sadaka

Mume wangu Elinami alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, alirudi nyumbani na tai yake shingoni, akasema Bwana atafungua mlango. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Kariakoo, kuuza suruali za mitumba, na hakuupenda hata kidogo.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, Kariakoo nzima ilikuwa inapiga kelele. Mume wangu, Baba Upendo, alisimama kimya nyuma ya meza yake kama anasubiri mteja abishe hodi. Akipita mtu aliyefanya naye kazi, alichutama chini ya meza. Nyumbani tulikula uji mchana, tukala uji jioni. Yeye aliomba, "Bwana, nitoe Kariakoo." Mimi kando yake niliomba, "Bwana, mfungue mdomo." Nilikuwa na hasira, sioni haya kusema.

Jumapili moja baada ya ibada, mzee Safari anayenadi sadaka za mazao alikuwa amekaukiwa sauti. Mchungaji akamkabidhi mume wangu jogoo.

"Ndugu waumini," alianza taratibu, "tunaye kuku, kama kuna mwenye nia..."

Watu wakaanza kuondoka. Jogoo wa Petro aliwika. Huyu wetu alimdonoa mume wangu kidole. Baba Upendo akapiga yowe, na waliokwisha toka nje wakarudi mbio.

"Jogoo huyu hana mchezo!" alifoka, akipunga kidole. "Nani anamuweza?"

Watu walicheka, wakapandishiana bei, jogoo akaondoka kwa bei ya mbuzi.

Kesho yake nilipokwenda Kariakoo, nilimsikia kabla sijamwona. "Vaa, Bongo, vaa! Mpaka kanisani ruksa!" Nikalia pale pale barabarani, watu wakadhani nimeibiwa.

Mchana akatokea Bwana Leodegar, bosi wake wa zamani, aliyemwita ofisini kumwambia kazi imekwisha. Nikaangalia chini ya meza. Mume wangu hakuwapo huko.

"Bosi! Suruali ya kiuno chako ipo!"

Leodegar alisogea. Kwapani alikuwa na furushi la mashati.

"Elinami, na mimi wamenipunguza," alinong'ona. "Nimesimama pale kona tangu asubuhi. Hakuna anayenisikia."

Niliogopa mume wangu atamcheka. Badala yake alisukuma suruali zake upande mmoja wa meza.

"Weka hapa, bosi. Haya, ita wateja."

"Karibuni," alisema Leodegar, kwa sauti ya kuombea mgonjwa.

Baba Upendo akanigeukia. "Mama Upendo, hivi yule jogoo alinunuliwa na nani?"