Fungu Lililobaki

Mwaka 1951 nilikuwa nawaandikia watu mashtaka yao pale Temeke, kwenye meza yangu barazani. Asubuhi moja alikuja Adelina, mke wa Marselino mchonga vinyago. Watu saba waliokula kachumbari kwenye ubatizo wa mtoto wao walikuwa hospitali wakihara damu. Marselino alikuwa hatambui mtu.

"Bwana afya anasema ni giligilani ya kwenye kachumbari," alisema. "Ilitiwa maji machafu. Niandikie barua kwa hakimu, karani."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia aliyeiuza ni muuaji, na barua yangu itamnyima usingizi hata hakimu. Nikachovya kalamu.

"Anaitwa nani?"

"Simjui. Nilimtuma jirani sokoni. Ila fungu moja la giligilani lilibaki."

Akalifungua kutoka kwenye pindo la kanga, akaliweka mezani. Majani yalikuwa yamenyauka, lakini kamba ya mgomba ilikuwa bado imekaza: imezungushwa mara tatu, ncha ikachomekwa ndani.

Nikaiweka kalamu chini. Mke wangu Demetria anauza mboga na giligilani sokoni. Kila alfajiri namsaidia kufunga mafungu, kisha tunayachovya kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba ili yasinyauke juani. Demetria hupiga fundo. Anayezungusha mara tatu ni mie.

"Karani, mbona huandiki?" Adelina aliuliza. "Au bila jina haiwezekani?"

"Jina ninalo," nikasema, nikaanza kuandika la kwangu.