Kitabu Kinachonyonyoa Nywele

Jumamosi asubuhi Mama Kurasa alikuwa ameshafagia saluni na kuchemsha maji, na mteja wa kwanza yuko kitini, taulo shingoni, kitabu mkononi. Ndivyo palivyoendeshwa pale. Anayesukwa ndiye anayeshika kitabu, na msusi anasoma kwa sauti juu ya bega lake huku vidole vikiendelea na kazi. Ukurasa ukiisha, anamgusa mteja shavuni kwa ncha ya kitana, naye anafunua mwingine. Aliyeshikwa kichwa hana pa kwenda, kwa hiyo alisikiliza kitabu, na alisikiliza pia maoni ya msusi, ambayo yalikuwa mengi na hakuna aliyeyaomba.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya riwaya ya mwanamke aliyeuza kitanda cha ndoa ili apate kusafiri kwenda kumsuta mumewe. Riwaya hiyo ilikuza nywele. Kila sura iliongeza urefu wa kidole, na sura ya mnada iliongeza zaidi kidogo. Bibi harusi mmoja aliyekuwa amenyolewa kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi alisomewa yote, akaondoka na nywele za kufika mabegani. "Mama Kurasa, nisomee ile ya kitanda, nina sherehe," wateja walisema. Naye aliwajibu kwamba kitabu si mbolea, kisha akawasomea.

Vitabu vingine navyo vilikuwa na tabia zao. Riwaya ambazo mhusika mkuu anagongwa na gari katika sura ya mwisho zilipasua ncha za nywele. "Mwandishi kachoka, basi kamletea mwenzake gari," msusi alisema, na hasira yake haikuwa ya mzaha, maana alikuwa ameshampenda marehemu. Riwaya ambazo mwanamke mbaya ni lazima apake rangi ya mdomo zilileta mba.

Kwa vitabu visivyo vya kubuni alikuwa mkali zaidi. Kipenzi chake kilikuwa kitabu kinene cha minyoo ya udongo, cha mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akichungulia ardhi, na ambaye kila asipojua jambo aliandika kwamba hajui. Kililainisha nywele kuliko mafuta yoyote. "Mwenye riwaya nimempa ruhusa anidanganye," Mama Kurasa alikuwa akisema. "Huyu mwingine ameniambia ni kweli tupu. Akinidanganya huyo, kanitukana."

Kitabu cha moto kililetwa na kiwanda cha nguo chenyewe, bure, nyumba kwa nyumba. Jalada lilikuwa la buluu, na ndani yake mlikuwa na picha ya meneja akitazama mbali. Kilieleza jinsi chumba cha kushonea kilivyoungua miaka miwili nyuma. Mdogo wake Mama Kurasa alikuwa mshonaji katika chumba hicho, akafa na wenzake wa zamu, akaacha binti ambaye sasa analelewa na mama yake mkubwa hapo saluni. Aliyekiandika kitabu ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima zake, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mji, Mama Kurasa akiwa mmoja wao.

Mama Kurasa alikisoma siku hiyohiyo kilipoletwa, juu ya bega la muuguzi. Nywele za muuguzi zilianza kulegea kwenye dibaji. Sura ya pili zikawa zinatoka na mizizi yake, moja moja, bila maumivu, na msusi akawa anaziweka pembeni huku akiendelea kusoma. Akafika palipoandikwa kwamba mlango haukufunguka kwa sababu mshonaji mmoja, "mwenye mazoea ya kujifungia na wenzake ili wapige soga", ndiye aliyeufunga. Mshonaji alitajwa kwa jina lake, na la baba yake: ni mdogo wake Mama Kurasa.

Muuguzi alijipapasa kichwa, akakuta kipara kitupu, na chini ya kilemba cha msusi hali ilikuwa ileile.

"Lakini kufuli si lilikuwa nje?" aliuliza.

"Lilikuwa nje."

"Mimi nilikuja na machela, nililiona kwa macho yangu. Nikawaambia watu wa kiwanda."

"Wakasemaje?"

"Wakasema asante."

Kufuli lilikuwa nje, kubwa kama ngumi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, ambaye alikwenda zake kunywa chai. Washonaji walifungiwa kila siku ili wasitoroke na vipande vya kitambaa. Mtu aliye ndani hawezi kufunga kufuli la nje, hata awe na mkono mrefu namna gani, na jambo hilo halihitaji shule. Lakini kitabu kilikuwa na picha, kina faharasa nyuma, basi watu wazima na akili zao wakaanza kusema huenda.

Jirani wa mama mzazi wa Mama Kurasa na marehemu, aliyefiwa na mwanawe katika chumba kilekile, aliacha kumwamkia mama huyo. Vikongwe hawa walikuwa wamelia pamoja, wamelala mkeka mmoja msibani, na sasa walipishana bombani kila mmoja akiangalia ndoo yake. Mama hakujua kusoma, na Mama Kurasa alikataa kumsomea, hivyo nywele zake zilibaki. Kila jioni aliuliza swali lilelile.

"Wameitoa?"

"Bado, mama."

"Wakiitoa niamshe, hata kama nimelala."

Hakutaka kingine. Alitaka sentensi hiyo isiwemo katika toleo la pili, aamkiwe tena kabla hajafa.

Kitabu kikaingizwa shuleni, kwa kuwa kilikuwa kwenye mtihani. Darasa baada ya darasa likapukutika nywele, walimu wakiwa mbele. Wazazi wakaenda kulalamika kuhusu jua, na shule ikaruhusu kofia. Zahanati ilitoa dawa ya kupaka. Mji mzima ulikuwa unang'aa vichwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema kitabu kifungwe.

Alhamisi moja mwalimu mkuu mstaafu aliingia saluni. Alikuwa na nywele zake zote, nyeupe, nzito, amezichana vizuri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nitie weusi kidogo. Nina hafla ya toleo la pili."

Mama Kurasa alizitazama zile nywele, akajua. "Hujakisoma, mwalimu."

"Nimekiandika."

"Kuandika sijakataa. Nasema hujakisoma."

Mwalimu alieleza, bila kukasirika, kwamba kiwanda kilimpa maelezo, naye akayapanga na kuweka nukta na mikato. Msusi akamfunga taulo, akampa kitabu, akamfungulia ukurasa. Mwalimu alisoma kwa sauti yake ileile ya darasani, kidole chini ya mstari. Alipofika kwenye jina, nywele zilimwangukia mapajani kwa mkupuo.

"Huyu nilimfundisha," alisema. "Alikuwa hodari wa hesabu."

"Ndiye. Kufuli lilikuwa wapi, mwalimu?"

"Nje. Nani asiyejua?"

"Basi andika nje."

"Toleo la pili limeshapigwa chapa, mwanangu."

"Na mama yangu?"

"Msalimie sana." Alijikung'uta mabega, akauliza kama bado kuna haja ya rangi.

Mama Kurasa alimfungua taulo, akafagia nywele zake pamoja na za wengine.

Toleo la pili lilitoka na jalada gumu. Sentensi ilikuwa palepale, jina palepale. Saluni ikakosa vichwa. Hata riwaya ya kitanda haikusaidia tena, kwa sababu nywele zilizoota asubuhi zilianguka jioni, watoto walipofanya kazi zao za shule kwa sauti. Kiwanda, kwa kuona shida ya wananchi, kikaanza kutengeneza mawigi. Chumba cha zamani cha kushonea kilipakwa rangi, kikawekwa meza mpya. Meneja alishukuriwa.

Jirani alinunua la kwake, la mawimbi, akapita nalo bombani bila salamu.

Binti wa marehemu alikwenda kuomba kazi kiwandani, kwa kuwa saluni haikuwalisha tena. Mama Kurasa alimkataza, akapiga kelele, akalia, na asubuhi yake akaamka mapema kumpikia chai, maana hakukuwa na lingine. Jioni binti alirudi vidole vimevimba, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaanza kuvua viatu. Alisema wenzake ni watu wazuri na kazi si ngumu.

"Na mlango?" Mama Kurasa aliuliza.

"Mlango gani, mama mkubwa?"

"Wa chumba."

"Aa, huo." Binti alikuwa anahangaika na fundo la kamba. "Wanaufunga tukishaingia. Wanasema tusije tukaiba nywele."