Macho ya Mlangoni

Mtaani kwetu akina mama wote waliokufa wana mdomo mmoja, na mdomo huo ni wangu. Ingia sebule yoyote utazame ukutani: bibi wa huyu, mama wa yule, wote wanacheka namna moja, meno ya juu yanachungulia kidogo, kona mbili zimepanda. Naupaka kwa kupitisha brashi mara tatu tu, huku nawaza mambo mengine. Mteja huleta picha ya kitambulisho, marehemu kanuna humo balaa, halafu anasema, "Fundi, mchangamshe." Namchangamsha. Hajarudi mtu kulalamika. Wakanivisha kilemba cha ukoka, wakaniita msanii, nami nikakubali.

Kisha akafa mama yangu mwenyewe.

Kaka yetu, kifungua mimba, anaishi ng'ambo. Alipiga simu akilia, akasema anakuja kukutana na ukoo, na anataka aikute sebuleni picha ya mama, kubwa, niliyoichora mimi. Nikaichora. Brashi mara tatu, mama akacheka. Dada akaja karakanani, machozi yakamtoka, akasema ndiye kabisa.

Ndiye nani? Alipoondoka niliikodolea macho ile picha. Nilikuwa nimemchora mama wa mteja.

Mimi ndiye niliyeishi na mama. Mimi niliyemwogesha, niliyemnyanyua kitandani, niliyempelekea chai kila asubuhi. Na huko nje nilikuwa najigamba kwamba mimi na mama ni chanda na pete. Uongo mtupu. Mama hakuwahi kunichekea. Nikiingia na kikombe, macho yake yalipita juu ya bega langu hadi mlangoni, kuona kama kaka yuko nyuma yangu. Hayupo. Basi midomo ikashuka, akapokea chai, akasema ahsante mwanangu, kwa adabu ile ya kumshukuru mtu baki. Nilikuwa nalijua hilo siku zote, ila nilijifanya silijui. Kulikiri kuliniuma hata nilipokuwa peke yangu na makopo ya rangi.

Nikachukua kisu, nikaukwangua ule mdomo. Macho nayo nikayakwangua. Nikaanza upya, polepole kama mwanagenzi, maana safari hii sikuwa na mazoea ya kunibeba. Nilipomaliza nikatia saini pembeni. Katika picha zangu zote, hakuna nyingine niliyowahi kuitia saini.

Dada alipoiona alinijia juu. Alisema nina kinyongo, namfedhehesha mama yuko kaburini, nirudishe ile ya kwanza haraka. Nikamwambia ya kwanza iko chini ya hii, aichimbe. Nikaitundika mwenyewe.

Kaka akafika na mkewe na masanduku yao. Sebule imejaa mashangazi na wajomba, wote wanangoja atasema nini, dada ananikata jicho. Kaka akaisogelea picha. Akasimama kulia kwake, akahamia kushoto, akarudi kulia.

"Mbona hanitazami?" akauliza.

"Ndivyo alivyokuwa akinitazama mimi."

"Mama? Mama alikuwa mtu wa kucheka bwana. Mimi kila nikija, anacheka."

"Kila ukija," nikamwambia.

Akaketi, akafunika uso kwa viganja. Nilidhani moyo wangu utatulia, kumbe wapi. Nilimwonea huruma na wivu kwa pamoja, na wivu ndio uliokuwa mkubwa. Baadaye akaniomba, kwa sauti ya chini, niiteremshe. Dada alikuwa na picha ya zamani tayari, mama anacheka kwelikweli, siku kaka alipokuja likizo. Wakaitundika hiyo. Mimi nikaikwapua yangu, nikaondoka bila kuaga.

Sasa iko juu ya meza yangu ya kazi. Wateja wanaiangalia, wanaguna, wanasema fundi, macho hapa umekosea. Kisha wananikabidhi marehemu wao nimchangamshe. Namchangamsha, nitakula nini? Asubuhi nikifungua karakana, nasimama kwanza mlangoni, kama pale nyumbani alipokuwa akimtafuta kaka, labda macho yale yatanifikia.

Hayanifikii. Lakini huyu ndiye.